Sindano ya oksitosini baada ya kujifungua

Wajawazito wengi huambiwa kwamba oksitosini, ile "sindano ya uchungu", ni ya kuharakisha leba tu; mama akishajifungua salama hana haja nayo. Wengine hudai inaharibu kizazi. Si kweli, na imani hizi ni za hatari.

Oksitosini ni homoni ya mwili wenyewe. Hutengenezwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo, na kuachiliwa na tezi ya pituitari iliyo chini yake, hata mtoto anaponyonya. Ya dawa hutengenezwa maabara, lakini ni molekuli ileile.

Mtoto akishatoka, kondo la nyuma hubanduka na kuacha mishipa ya damu wazi. Kinachoibana ni misuli ya mji wa mimba kujikaza. Misuli hiyo ikilegea, mama anaweza kuvuja damu nyingi ndani ya dakika chache, hata kama leba yake ilikuwa nyepesi kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza oksitosini, ambayo huikaza misuli hiyo, yuniti 10, kwa kila mama anayejifungua. Nguvu yake huisha upesi; haibaki mwilini kuzuia mimba ijayo.

La kuuliza kituoni ni kama ilihifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, maana joto huipunguza nguvu.