Vitu visivyolowa vinasafishaje maji?

"Kitu kinachokataa maji hakiwezi kusafisha maji." Ukiisikia mara moja inaingia akilini. Sasa tazama tone juu ya jani la magimbi: limekaa kama gololi, ukiinamisha jani kidogo linabingirika likaanguka, na jani linabaki kavu. Wataalamu huuita uso wa aina hiyo "usiolowa kabisa" pale tone linapougusa kwa pembe inayozidi digrii 150. Uso huo hukataa maji lakini mara nyingi hupokea mafuta, kwa hiyo sponji iliyopakwa chembe zisizolowa namna hiyo hunywa mafuta yaliyomwagika na kuyaacha maji. Tena kisicholowa huelea kwa urahisi, na kinachoelea kiko karibu na mwanga na oksijeni ya hewani. Kichocheo cha mwanga, yaani kitu kinachotumia mwanga kuvunja uchafu wa majini, kinavihitaji vyote viwili.

"Mwanga wowote unatosha." Hautoshi. Titani dioksaidi, kichocheo kimojawapo na ndio ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, huamshwa na miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia. Taa ya sebuleni haiiamshi. Watafiti huiongezea naitrojeni ili ipokee hata mwanga tunaouona kwa macho.

"Ni chujio tu." Chujio hukamata uchafu, kichocheo huuvunja. Mwanga ukiipiga chembe, elektroni inang'oka mahali pake na kuacha tundu. Tundu hilo likikutana na maji huzaa haidroksili huru, kipande cha molekuli ya maji, kali kiasi cha kurarua rangi za viwanda vya nguo na dawa za wadudu. Kazi ikikamilika, kaboni ya uchafu huo huishia kuwa kaboni dioksaidi. Ikikatishwa njiani, vipande vinavyobaki wakati mwingine vina sumu kuliko kilichovunjwa, hata kama maji yameshakuwa meupe. Na risasi, ile metali yenye sumu? Hiyo ni elementi, haina pa kuvunjikia.

"Ni uvumbuzi wa juzi." Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha mwaka 1972 jinsi titani dioksaidi na mwanga vinavyotenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

"Ikishapakwa, imepakwa." Hapa ndipo, kwa maoni yangu, pana ugumu wenyewe. Haidroksili haichagui cha kurarua. Tabaka linalokataa maji mara nyingi limetengenezwa kwa kemikali zenye kaboni, basi kichocheo huanza kumla jirani yake. Titani dioksaidi yenyewe ikimulikwa na urujuanimno hugeuka kuwa kinyume kabisa: huyavuta maji, yakatandaa juu yake. Dawa mojawapo ni kupaka kemikali zenye florini, ambazo hustahimili shambulio hilo. Shida ni kwamba ustahimilivu huohuo huzifanya, zikibanduka, zikae majini miaka na miaka bila kuoza. Wengine hutumia silikoni, au hutenga vituo vya kichocheo na sehemu zisizolowa ili visigusane.