“Jina la waifai nimelificha, fundi, hakuna anayeiona”

Wiki iliyopita nilikuwa Katubuka, hapa Kigoma, kwa mzee mmoja ambaye bando lake la mwezi halifiki nusu ya mwezi. Nikamuuliza nani mwingine anatumia rauta yake, yaani kile kifaa kinachorusha waifai. “Hakuna, fundi. Jina la waifai nimelificha.” Jibu hilo nimelisikia Mwanga, Gungu na Ujiji hadi limenichosha, kwa sababu anayeliamini hashughulikii tena kile kinachomlinda kweli.

Rauta iliyofichwa jina hainyamazi. Inaendelea kujitangaza mara kadhaa kila sekunde, ila pale pa jina inaacha patupu. Nilifungua programu ya kupima mawimbi kwenye simu yangu, nikamwonyesha mzee: mstari mmoja usio na jina, chaneli 6, wenye nguvu kuliko ya majirani wote. Na simu ya mtu wa nyumbani inapojiunga, inalitaja jina hilo hewani waziwazi. Anayesikiliza analipata palepale.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Rauta isipotaja jina, simu inabidi iulize yenyewe, kwa kulitaja. Uko Kibirizi unasubiri boti ya Kagunga, simu mfukoni inaita jina la waifai ya nyumbani kwako. Kwa kulificha umejiongezea uwazi.

Nikamwomba neno la siri. Ilikuwa namba yake ya simu, ileile iliyopakwa rangi ya bluu kwenye mlango wa duka lake! Hata isingekuwa mlangoni, hesabu haimsaidii. Namba zetu zina tarakimu 10, tatu za mwanzo kila mtu anazijua, zinabaki 7, yaani namba milioni 10 tu. Kwenye WPA2, aina ya ulinzi wa waifai, mtu akishanasa salamu ambazo simu na rauta hupeana wakati wa kuunganishwa, anakwenda nazo kwake na kukisia taratibu, rauta haijui lolote. Kompyuta ya kuchezea gemu inamaliza namba zote hizo kwa dakika chache.

Kwenye ukurasa wa rauta tulikuta vifaa 11. Nyumba ina watu wanne na televisheni moja.

Ushauri wangu haujabadilika miaka yote: chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, kama mgebuka, baiskeli, sufuria, alasiri, uyaunganishe. WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo tele. Usitumie mfano wangu huu. Rauta ikiwa na WPA3, iliyotoka 2018, ichague, maana huko kukisia ukiwa mbali na rauta hakuwezekani. Simu ya zamani ikigoma, baki na WPA2 ya AES, yaani njia ya kuficha data.

Wengine wana majibu yao. “Nimeruhusu simu zetu tu kwa anwani za MAC.” Anwani hizo, yaani namba za utambulisho wa kila kifaa, zinapita hewani bila kufichwa na mtu anaweza kuiga yako. Tena simu za Android 10 kwenda juu, na iPhone tangu 2020, hujitungia anwani, kwa hiyo mara nyingi anayefungiwa nje ni mwanao.

“WPS ni rahisi, unabonyeza tu.” WPS ni njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika neno la siri. Ina PIN ya tarakimu 8, lakini rauta huikagua vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, hivyo majaribio hayazidi 11,000. Udhaifu huo ulitangazwa 2011. Izime.

“Neno la siri la waifai nimebadilisha, yatosha. Na nani atanifuata huku Kigoma?” Na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya rauta, bado ni jina admin na neno la siri admin? Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilizunguka dunia na orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani zaidi ya 60, ikayajaribu kwenye kamera na rauta. Haikuchagua mji. Ilikuwa inabahatisha anwani za intaneti, moja baada ya nyingine, na kifaa kilichofunguka kikawa chake.