Mkwaju wa pointi moja

Kazi yangu ni kufundisha wapigaji wa mikwaju, na Waswahili wenzangu wanaoanza kufuatilia futiboli ya Marekani huniuliza sana swali hili: timu ikishafunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na kupata pointi zake 6, yule jamaa anayeingia kupiga mkwaju anatafuta nini tena?

Anatafuta pointi ya 7. Anayeijua raga ataelewa haraka, maana mkwaju huu ni ndugu wa ule unaofuata trai. Ila kwenye raga unapigwa usawa wa mahali trai ilipofungwa, hata kama ni pembeni kabisa. Huku mpira huletwa katikati, na wapinzani 11 wamejipanga mbele yako kuuzuia.

Mpigaji hafanyi kazi hii peke yake. Kuna anayeinama kwenye mstari na kuurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Mwingine amepiga goti yadi 7 au 8 nyuma yake: anaudaka, anausimamisha kwa ncha, anauzungusha ili nyuzi zake zielekee golini. Mguu ukigonga nyuzi, mpira unaweza kupinda. Yote hayo, tangu mpira urushwe hadi upigwe, huchukua kama sekunde 1.3. Mkwaju ukienda kombo, watu humlaumu mpigaji. Mimi hutazama kwanza mikono ya aliyepiga goti.

Zamani NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ilianzishia mpira yadi 2 tu kutoka mstari wa goli, na zaidi ya asilimia 99 ya mikwaju iliingia. Mashabiki waliitumia nafasi hiyo kwenda chooni. Mwaka 2015 ligi ikausogeza hadi yadi 15. Ongeza yadi 10 za eneo la mwisho, kwa kuwa nguzo za goli zimesimama nyuma yake, na yadi 8 za kumwachia mpigaji nafasi: unapata yadi 33, kama mita 30. Kiwango kikashuka hadi karibu asilimia 94. Wapinzani wakiuzuia mpira na kukimbia nao hadi upande wa pili, wanapata pointi 2 wao. Timu isiyotaka mkwaju inaweza kujaribu kuufikisha mpira eneo la mwisho kutoka yadi 2 kutafuta pointi 2, nafasi iliyoingia NFL mwaka 1994.

Mimi naunga mkono badiliko hilo la 2015 kwa moyo wote, kwa sababu sasa kila pointi inatolewa jasho. Januari 2016, New England Patriots walikuwa Denver, kwa Broncos, kuwania kwenda Super Bowl, fainali ya ligi. Mpigaji wao Stephen Gostkowski, ambaye hakuwa amekosa mkwaju wa namna hii tangu msimu wake wa kwanza, 2006, akaupeleka nje katika robo ya kwanza. Zikiwa zimebaki sekunde 12, Patriots wakafunga tachidauni, ubao ukasoma 20-18. Wangekuwa na ile pointi iliyopotea, mkwaju mmoja ungetosha kusawazisha. Badala yake wakalazimika kutafuta pointi 2. Pasi ya Tom Brady, mrushaji wao, ikanaswa na wapinzani, Broncos wakasonga mbele na kulitwaa taji.