Vita vya Kwanza vya Dunia: tulichokariri na kilichotokea

Kila aliyesoma historia sekondari ana jibu lake tayari: vita vilianza kwa sababu Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mtihanini unapata alama. Lakini Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, mwezi mzima baadaye. Katikati hapo Ujerumani iliahidi kuiunga mkono Austria kwa lolote, na Serbia ikapewa masharti makali ya kujibu ndani ya saa 48. Wakubwa walipata wiki nne za kutuliza mambo, wakazitumia kuyachochea.

Wengine husema mikataba ya kujihami ndiyo iliyowaburuza wote vitani. Basi Italia je? Ilifungamana na Ujerumani na Austria, ila mwaka 1914 ilikaa pembeni, na 1915 ikaingia upande wa maadui zao.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba vilikuwa vita vya Ulaya vilivyokwisha 11 Novemba 1918. Tanga, wakati ule katika koloni la Wajerumani, ilishambuliwa kutoka baharini Novemba 1914, na jeshi la Uingereza, wengi wao Wahindi, likarudishwa melini. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikwepa kukamatwa kwa miaka minne, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kisha Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Tena, huku Afrika Mashariki waliokufa kwa wingi hawakuwa wapiganaji. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, mvua ikageuza njia kuwa tope, hivyo risasi, unga na dawa vikapanda vichwani mwa watu. Uingereza ilikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa kulazimishwa. Kumbukumbu zake yenyewe zinakiri vifo vya zaidi ya 40,000 kati yao, hasa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Wa upande wa Mjerumani hata hesabu ya kuaminika hawana. Majeshi yalibeba nafaka na ng'ombe wa vijiji. Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, ikaangukia njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na homa kali ya mafua ya 1918 ikawakuta watu wamekwisha dhoofu.

Na lile la kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani ulioibana Ujerumani baada ya kushindwa, ndio uliomleta Hitler? Mwaka 1928 chama chake kiliambulia asilimia 2.6 tu ya kura. Kilifika asilimia 37 mwezi Julai 1932, uchumi ulipoporomoka na Wajerumani wapatao milioni sita hawana kazi. Ukitaka matokeo ya moja kwa moja ya mkataba ule, tazama ramani yetu: Ujerumani ilinyang'anywa koloni lake, Tanganyika akapewa Mwingereza, Ruanda-Urundi Mbelgiji, na kipande cha Kionga, kusini mwa Ruvuma, Mreno.