Je, wajua? Kwa nini kanali mwenye mvi anarudi darasani Kunduchi

Kanali ana zaidi ya miaka ishirini jeshini. Ameongoza vikosi, amelala porini, pengine amelinda amani Darfur au Kongo. Halafu siku moja anapangiwa kwenda shule. Si Monduli, alikovishwa cheo cha luteni usu akiwa kijana, bali Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichofunguliwa mwaka 2012. Atakaa huko karibu mwaka mzima, akisikiliza mihadhara, akibishana kwenye vikundi na kuhangaika na andiko la utafiti kama mwanachuo yeyote wa Mlimani. Gwaride na shabaha alishavimaliza zamani.

Sasa mtu aliyekwisha kuiva hivyo anafundishwa nini?

Twende kwanza Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale baada ya Mjerumani kuondolewa Dar es Salaam mwaka 1916. Vita vile, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, huku kwetu viliendeshwa kwa vichwa vya watu. Barabara zilikuwa haba, mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, hivyo unga na risasi vilikwenda kichwani. Piga hesabu: tuseme mpagazi amebeba kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, karibu mzigo wote umeishia tumboni mwake, na askari aliyeko mbele bado anangoja chakula. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Hesabu ya namna hiyo haina jibu kwenye mbinu za kushambulia. Jibu lake liko kwa daktari, kwa bwana shamba, kwa mjenzi wa reli. Waingereza kwao pia walionja machungu hayo: mwaka 1915 mizinga yao ilipungukiwa makombora kwa kuwa viwanda havikuandaliwa kwa vita vikubwa kiasi kile. Mwaka 1927 wakafungua London chuo cha kuwakalisha pamoja maofisa wakuu na watumishi wa serikali. Wengine wakafuata: Marekani 1946, India 1960, Kenya 1997, kisha sisi.

Kwa hiyo masomo ya ofisa yana ngazi. Monduli anajifunza kuongoza askari kama thelathini. Duluti, kwenye Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, anajifunza kupanga kazi za vikosi vingi kwa pamoja. Kunduchi somo ni nchi yenyewe: uchumi, siasa, chakula, mipaka, majirani.

Na hawasomi peke yao. Darasani wamo polisi, magereza, uhamiaji, watumishi wa wizara na taasisi, pamoja na maofisa kutoka nchi rafiki. Wote huitwa washiriki, neno ambalo mimi naona limechaguliwa kwa akili, maana kila mmoja amekuja na kitu cha kuwapa wenzake. Hebu fikiria mtu aliyezoea kujibiwa "ndiyo, afande" akipingwa hadharani na mchumi aliyevaa suti, tena kwa takwimu. Hawezi kumwamrisha anyamaze. Nadhani kuruka viunzi ni kazi nyepesi kuliko hiyo.

Sisi tuna sababu yetu nyingine ya kutaka askari na raia wajuane. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Jiji lilitetemeka kwa siku kadhaa, hadi Mwalimu Nyerere akalazimika kuomba majeshi ya Uingereza yaje kuzima uasi, jambo lililomuuma. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo JWTZ ikazaliwa.

Colito ndiyo Lugalo ya leo. Kanali anayetoka mjini kwenda Kunduchi kwa Barabara ya Bagamoyo huipita kila asubuhi, akiwahi darasa ambamo mtu wa wizara amekwishashika kiti cha mbele.