GPA ya mwanao na ya mtoto wa jirani

Mahafali yakishapita, barazani Unguja na Pemba swali huwa moja: wa kwako kapata ngapi? GPA hiyo, wastani wa alama zake za chuo. Hapo ndipo yanapoanza ya kupotoshana.

"3.8 ni 3.8, popote pale." Kati ya ngapi? Vyuo vyetu, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) ikiwemo, huhesabu GPA mpaka 5. Marekani huishia 4. Mwenye 3.8 ya kule kakaribia kileleni, wa hapa yumo daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5 hadi 4.3. La kwanza ni 4.4 kwenda juu. Hata Makerere ya Uganda, wanaohesabu mpaka 5 kama sisi, daraja la pili la juu huanzia 3.6. Na wazee wengine bado wana hesabu za skuli vichwani: kidato cha nne pointi 7 ndizo bora, zikizidi ndiyo unateremka. Chuoni ni kinyume chake.

"A ni A tu." Hapa pana mengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A huanzia 70, Makerere 80. Halafu kuna fani yenyewe. Kwenye hesabu jibu ama limepatikana ama halikupatikana, kwa hiyo mmoja hutoka na 95 na mwenzake 20. Insha ya historia au fasihi haisahihishwi hivyo; mwalimu akikupa 75 kwa insha, ujue siku hiyo kaamka vizuri. Alama za hesabu hutawanyika, za insha hujibana katikati. Ndiyo maana Uingereza wanaomaliza hisabati na daraja la kwanza ni wengi, kwa uwiano, kuliko wa sheria. Si kwamba wanasheria ni wazito wa kichwa.

"4.39 si ndiyo 4.4 hiyo?" Siyo. Dar es Salaam hukata, hawakadirii juu: inabaki 4.3, na daraja la kwanza limekwenda. Inauma, lakini ndivyo. Masomo nayo hayana uzito mmoja. A ya somo la yuniti chache haiokoi C ya somo la yuniti nyingi.

"Daktari gani huyu, cheti hakina daraja!" Shahada ya udaktari wa tiba nchini haipangwi madaraja. Aliyeongoza darasa na aliyepita kwa sapu, yaani mtihani wa kurudia, vyeti vyao havitofautiani. Ukitaka kuwajua, omba matokeo yao ya somo kwa somo.