Kabla ya kupulizia ufuta, mjue kwanza mdudu

Msimu wa ufuta unapoanza katika mikoa ya Lindi na Mtwara, malalamiko tunayopokea ni yale yale: dawa nimepiga, wadudu hawafi. Tukiuliza ni mdudu gani, jibu huwa "hao wanaokula majani". Kwa jibu hilo hatuwezi kumsaidia mkulima, kwa sababu wadudu wawili wanaousumbua sana ufuta wa kusini hawafanani tabia wala wakati.

Wa kwanza ni mbawakavu wadogo wanaoruka ukiwasogelea. Huvamia miche ikishachomoza tu, huyatoboa majani vitundu vitundu, na shamba changa huweza kuisha kwa siku chache. Wa pili ni kiwavi anayefunga majani machanga ya kileleni kwa nyuzi zake, kisha anakula humo humo ndani. Fungua kilele kimoja kwa vidole: utakuta utando, vinyesi na kiwavi wa kijani. Baadaye hutoboa maua na vifuko vya mbegu, na akishaingia ndani ya kifuko dawa haimfikii tena.

Kwa hiyo kagua mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Pita shamba zima, si pembeni tu, ukitazama mimea michache kila unaposimama. Kwa kiwavi, kama mmea ulioshambuliwa haujafikia mmoja katika kumi, usipulizie. Humo shambani wamo buibui, wadudu kobe na vinyigu wanaotaga mayai kwenye viwavi. Ukipiga dawa mapema unawaua hao kwanza, na viwavi wanarudi bila mpinzani. Ng'oa ufuta uliojiotea wenyewe, panda ufuta kwa zamu na mahindi au mtama, na wanakijiji mpande kwa wakati mmoja ili wadudu wasihame kutoka shamba moja kwenda jingine.

Sasa kuhusu salfa, ambayo wapo wanaoipulizia kwenye ufuta. Salfa uliyobakiza baada ya kupulizia mikorosho ni ya ugonjwa wa ubwiriunga. Ubwiriunga ni ukungu. Salfa haiui kiwavi wa ufuta, hata ukiongeza kipimo, hata jirani akikuapia kwamba kwake ilifanya kazi. Vilevile, kuchanganya dawa mbili ndani ya solo (bomba la kupulizia) moja ili "iwe kali" hakuna mtaalamu aliyekushauri.

Ikibidi kupulizia, pulizia jioni. Ua la ufuta hufunguka alfajiri na kufikia jioni huwa limeshadondoka, na nyuki wamerudi mizingani. Anayepulizia saa tatu asubuhi anawamwagia sumu nyuki wakiwa kazini.

Kuna na suala la soko. Ufuta wako huchanganywa na wa wenzako katika ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na sehemu kubwa huuzwa nje. Tangu mwaka 2006, Japani hutumia kiwango cha 0.01 ppm (sehemu kwa milioni) kwa kiuatilifu ambacho haikukiwekea kiwango maalumu kwenye zao husika. Hiyo ni gramu 10 katika tani 1,000. Mkulima mmoja aliyepulizia siku chache kabla ya kuvuna anaweza kuwaharibia wote. Idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna imeandikwa kwenye lebo. Isomwe.

Kwenye lebo hiyo hiyo hakikisha yafuatayo kabla hujatoa pesa: namba ya usajili, jina la zao na la mdudu, tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, nyekundu ikiwa ndiyo ya hatari zaidi. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji au soda. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, inayosimamiwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa la jinai, na muuzaji anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Ukishuku dawa ni bandia, usitupe kopo. Liache na lebo yake, acha dawa kidogo ndani, funga vizuri na weka mbali na watoto. Kusanya wadudu wachache kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na vilele vilivyoshambuliwa, umpelekee bwana shamba siku hiyo hiyo. Risiti nayo iambatane, yenye jina la duka na tarehe. Bila risiti, ni vigumu sana kuthibitisha dawa hiyo ilitoka kwa nani.